Mkimbiaji wa Eldoret na Mbao za Theluji

Mbao za kutelezea theluji, ziitwazo skii, hazikubuniwa kwa ajili ya michezo. Katika nchi za kaskazini ya dunia theluji hufunika ardhi miezi mingi, na apitaye kwa miguu hudidimia hata magotini. Wakazi wa huko waligundua zamani kwamba uzito wa mtu ukitandazwa juu ya ubao mrefu theluji humchukua, kama maji yachukuavyo mtumbwi. Skii iliyochimbuliwa Kalvträsk, nchini Uswidi, ina umri wa miaka ipatayo 5,000. Kwa mbao hizo watu waliwinda, walisafiri na hata walipigana vita.

Lakini skii si za namna moja, maana kila kazi ina chombo chake. Skii za mwendo wa mbali ni nyembamba na nyepesi. Kiatu hufungwa mbele tu, kisigino kikaachwa huru, ili mtu ainue mguu mithili ya atembeaye. Katikati ubao umebenuka na kupakwa nta yenye kunata. Mtu akikanyaga kwa nguvu, nta hugusa theluji na kuishika. Akipunguza uzito, ubao huinuka, naye huteleza. Upo pia mtindo ulioenea katika miaka ya 1980, ambao mchezaji husukuma miguu kwa upande. Skii zake ni fupi kidogo, ngumu zaidi, wala hazina nta ya kunata. Skii za kushukia milima ni pana na nzito. Kingo zake ni za chuma ili zikate barafu wakati wa kupinda, na kisigino hufungwa imara. Skii za kuruka ni ndefu na pana kupita hizo zote, kwani hewani humsaidia mrukaji kuelea.

Basi, mambo haya yanahusianaje na Eldoret, mji ulio karibu na Ikweta, usiojua theluji? Jibu ni Philip Boit, aliyezaliwa huko mwaka 1971. Ukoo wake ulikuwa wa wakimbiaji: ami yake, Mike Boit, alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich, mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ya Marekani ilitaka kujua kama mkimbiaji wa nyanda za juu angeweza kugeuzwa kuwa mtelezaji wa theluji. Ikampeleka Ufini yeye na mwenzake, Henry Bitok, kujifunza.

Mapafu yake yalikuwa tayari, kwa kuwa Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hata hivyo mapafu peke yake hayatoshi. Mtelezaji hujisukuma kwa fimbo mbili, hivyo mikono yake hufanya kazi kubwa pamoja na miguu. Tena mkimbiaji amezoea ardhi isiyosogea, hali mtelezaji hana budi kuuamini ubao unaoponyoka chini yake. Wako waliosema kwamba jambo zima lilikuwa tangazo la biashara tu. Neno lao halikukosa ukweli, maana kampuni haitoi fedha bure. Lakini fedha haziwezi kuteleza kwa niaba ya mtu.

Tarehe 12 Februari 1998, mjini Nagano, Japani, Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mvua ilinyesha, theluji ikalowana, na kuchagua nta ya kufaa kukawa kazi ngumu. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa muda wa dakika 27 na sekunde 24, akapata nishani yake ya 6 ya dhahabu. Boit alimaliza wa 92, naye ndiye wa mwisho, dakika 20 baadaye. Bingwa alikuwa bado anamngoja, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani, akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Hakuishia hapo. Alishindana tena Salt Lake City mwaka 2002, na Torino mwaka 2006, ambako hakuwa wa mwisho. Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang kwa skii za kushukia milima.

Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Boit hakushinda, wala hakujidai kuwa ameshinda. Alichukua chombo kigeni, akajifunza matumizi yake, akafika mwisho wa njia. Mshindi hukumbukwa kwa nishani. Huyu hukumbukwa kwa kuwa alifungua njia ambayo kabla yake haikuwa na nyayo za Mkenya hata mmoja.