Si kila mara ni mkonga umekatika

Wasee, Jumapili iliyopita saa tatu usiku nilikuwa hapa kwa keja Kabiria, napandisha video ya dakika sita. Kiduara kikazunguka, kikafika asilimia 41, kikalala hapo. Nikampigia jamaa anayetuuzia waifai kwa ploti.

"Kiongozi, vumilia tu. Mkonga umekatika huko baharini."

Sawa. Lakini kupitia ukuta nilisikia jirani wangu anatazama video ya Diamond Platnumz, tena haikwami hata mara moja. Waifai ni ile ile, ploti ni ile ile. Sasa huu ni mkonga gani wa baharini unaokatikia mimi peke yangu?

Nilikasirika nikaanza kuchimba, na nilichopata ni historia ambayo shuleni hatukufundishwa. Msimamo wangu nautoa mapema: hapa Kenya, mara nyingi kilichochelewesha intaneti hakikuwa umbali wala waya. Kulikuwa na mlango, na kulikuwa na mtu ameshika ufunguo.

Nairobi kwenda Nairobi, kupitia angani

Turudi mwisho wa miaka ya 1990, wakati wengi wetu hata hatujazaliwa. Mwaka wa 1999 lile shirika la zamani la posta na simu liligawanywa, na Telkom Kenya ikazaliwa. Serikali iliipa Telkom haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kwenda nje ya nchi. Kampuni za intaneti za wakati huo, kina Africa Online na wenzao, zilitakiwa kupitia mlango wake, ulioitwa Jambonet. Na njia yenyewe ilikuwa setilaiti, iliyokaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta.

Sasa sikia hii. Ukiwa Westlands na unataka kumtumia barua pepe mtu wa Dagoretti, na kila mmoja wenu ana kampuni yake ya intaneti, ujumbe ulipanda hadi setilaiti, ukashuka Marekani au Ulaya, ukageuzwa huko, ukapanda tena, ndipo ukarudi Nairobi. Piga hesabu ya mwendo wa mwanga tu: kwenda na kurudi kwa jibu ni karibu sekunde nzima imeisha, hata kabla mitambo yenyewe haijachelewesha chochote. Na kila safari ililipiwa kwa dola. Ni kama unataka kumpa jirani wa Satellite chumvi, lakini lazima uipeleke Mombasa kwanza ikapimwe, halafu irudi na lori.

Kampuni zikaona huu ni ujinga. Novemba 2000, kupitia chama chao cha TESPOK, zikafungua KIXP hapa Nairobi. Ilikuwa sehemu moja tu ambapo kila kampuni inaleta waya wake, wanaunganisha, na mambo ya Kenya yanabaki Kenya.

Telkom ikapeleka malalamiko kwa CCK, mamlaka ya mawasiliano ya wakati huo. Hoja yake ilikuwa kwamba KIXP inaingilia haki yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Soma tena. Waya wa kutoka Nairobi hadi Nairobi unaingilia mambo ya kimataifa! Ndani ya kama wiki mbili CCK ikasema mtambo huo hauna leseni, ufungwe. Ukafungwa.

Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja wa kubishana, hadi leseni ikatoka na KIXP ikafunguliwa tena Februari 2002. Muda huo wote mitambo ilikuwepo na mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa tu.

Meli, nanga na mikonga

Hata baada ya hapo, kutoka nje ya nchi bado ilikuwa ni setilaiti. Watu wa saiba walilipa shilingi moja kwa dakika. YouTube ilianza 2005, na waliokuwepo watakwambia walivyofungua video, wakaisimamisha, wakaenda kunywa chai, wakarudi wakitumaini imejaa.

Mpango wa mkonga wa Afrika Mashariki, EASSy, ulikuwa unazungumziwa tangu 2003, lakini nchi na kampuni zilivutana miaka na miaka kuhusu nani aumiliki na nani apitishe nini. Mlango tena. Kenya ikachoka kungoja, ikashirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kutandaza mkonga wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Ulifika Juni 2009. SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy yenyewe ikafika 2010. Ghafla milango ikawa mitatu. Hapo ndipo video ikaanza kuwa kitu cha kawaida Kenya.

Na nikubali ukweli: mikonga hukatika kweli. Februari 2012 mikonga kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, na siku chache baadaye meli ikaangusha nanga karibu na bandari ya Mombasa na kuukata TEAMS. Februari 2024 mikonga mingine ilikatika tena Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika siku moja huko Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaisikia.

Kwa hivyo jamaa wa waifai hakubuni hicho kisingizio. Ni kisingizio chenye historia. Lakini mkonga ukikatika, huwa ni habari kubwa: kampuni zinatangaza, nchi jirani zinalia, wapimaji wa dunia nzima wanaona. Jumapili yangu haikuwa na tangazo lolote. Na Diamond alikuwa anacheza vizuri.

Kwa nini Diamond hakukwama

Hii ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi kama mtu anayetengeneza video.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Google waliweka hifadhi ya video zao ndani ya Kenya. Netflix, waliofika hapa Januari 2016, nao wana mitambo ya aina hiyo wanayoipa kampuni za intaneti duniani. Wazo ni rahisi: video inayotazamwa na watu wengi inanakiliwa na kuwekwa karibu nawe. Ukiifungua, haitoki Marekani. Inatoka kwa mtambo ulio karibu, pengine hapa hapa Nairobi.

Ndiyo maana mkonga ukikatika, video maarufu zinaweza kuendelea kucheza huku mambo mengine yamekufa. Lakini nani ana video maarufu? Msanii mwenye mamilioni ya watazamaji. Video ya mtoto wa Kabiria yenye watazamaji 300 haina sababu ya kukaa kwenye hifadhi hiyo. Mtu akiifungua, huenda ikaitwa kutoka mbali, na akiona kiduara mara mbili anaenda kwa nyingine. Mwenye nacho anaongezewa hata kasi. Na mimi napandisha, yaani lazima nipenye kwenda nje, wakati jirani anapokea kitu ambacho tayari kiko karibu.

Hata Marekani mambo ya mlango yapo. Mwaka wa 2014 Netflix ilikubali kulipa kampuni ya Comcast ili iunganishwe nayo moja kwa moja, baada ya wateja kulalamika kwamba filamu zinakwama. Waya ulikuwepo. Ugomvi ulikuwa nani analipia upana wa mlango.

Siku mlango ulipobanwa

Hatuwezi kuongea juu ya intaneti polepole Kenya tukaruka Juni 2024.

Tarehe 24 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Tarehe 25, vijana wako barabarani kupinga Mswada wa Fedha, watu wako mbele ya Bunge, na kila simu inajaribu kupeperusha video moja kwa moja. Alasiri hiyo hiyo intaneti ikavurugika nchi nzima, na wapimaji kama NetBlocks wakaliandika jambo hilo. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya mikonga ya baharini.

Unaona shida? Sentensi ile ile ninayoambiwa kwa ploti, nchi nzima iliambiwa siku ambayo video ya sekunde kumi ingeweza kuwa ushahidi wa nani alimpiga nani risasi. Mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kukagua. Alitakiwa aamini tu.

Mashirika kadhaa, wakiwemo wanablogu wa BAKE, yalienda kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa agizo la muda la kuzuia serikali kufunga au kuvuruga intaneti kesi ikiendelea. Na si jambo dogo, kwa sababu majirani zetu wameonja. Uganda ilitoza shilingi zao 200 kwa siku ili mtu aingie mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha Januari 2021 ikazima intaneti yote wakati wa uchaguzi. Tanzania ilizima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na ikabaki gizani siku kadhaa. Huko hakuna aliyesingizia nanga ya meli.

Turudi kwa ploti

Kuna kitu kingine kilitokea 2024 ambacho watu walikisahau haraka. Starlink ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023. Septemba 2024, Safaricom ikaongeza kasi ya fiba ya nyumbani bila kupandisha bei: kifurushi cha chini kabisa kikatoka megabiti 10 hadi 15, kingine kikatoka 40 hadi 80. Wateja hawakuchimbiwa mtaro mpya. Waya ulikuwa ule ule ukutani. Maana yake ile namba ya zamani haikuwa mwisho wa uwezo wa waya. Ilikuwa uamuzi, na mshindani alipobisha hodi uamuzi ukabadilika. Halafu Novemba mwaka huo Starlink nayo ikajaa Nairobi, ikaacha kupokea wateja wapya. Hata angani mlango una upana wake.

Jana nikamwendea yule jamaa wa waifai. Sikwenda na matusi, nilienda na maswali. Nikamuuliza, "Buda, line yenyewe ni ya ngapi?" Akasema megabiti 40. Nikamuuliza, "Umeunganisha nyumba ngapi?" Akaangalia juu kwa zile nyaya zinazoruka kutoka ploti hadi ploti, akacheka, akasema, "Ishirini na saba."

Fanya hesabu. 40 kwa 27 ni megabiti moja na nusu kila nyumba, wote wakiwasha saa tatu usiku. Video ya ubora wa kati inahitaji zaidi ya mbili, na ile safi zaidi inataka kama tano. Na hiyo ni kupokea. Kupandisha ndiyo usiseme.

Simlaumu sana. Bila yeye, nyumba nyingi hapa zisingekuwa na waifai kabisa, kwa sababu kulipa kifurushi kizima peke yako kila mwezi si mchezo. Ninacholaumu ni ule uongo mtamu wa bahari. Ukiniambia "tuko nyumba ishirini na saba," naweza kuamua: nipandishe saa kumi alfajiri, au tuchange na majirani wawili tuchukue line yetu. Ukiniambia "mkonga," unaninyang'anya hata uamuzi.

Kwa hivyo ukiambiwa mtandao uko chini, uliza maswali matatu. Mkonga gani, na umetangazwa wapi? Tuko wangapi kwa line hii? Na je, ni kila kitu kimekwama, au ni video tu? Pima kasi kwa kipimo cha kawaida, halafu pima na fast.com, ambayo ni ya Netflix na inatumia mitambo yao. Namba zikiachana sana, tena siku baada ya siku, uliza kampuni yako kwa maandishi.

Mimi na majirani wawili tumeshaanza kuchanga. Hii nimeipandisha saa kumi alfajiri.