Huyu Asperger Alikuwa Nani?

Baba Mkubwa aliporudi Kawajense kutoka Dar es Salaam, mwezi wa nane mwaka 2019, hakusimulia habari za jiji. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao pale uani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi nilikuwa nimekuja likizo.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Wewe unasoma sana. Huyu Asperger alikuwa nani?"

Hakuuliza habari za nyumbani wala hakuomba maji ya kunywa. Ndivyo alivyo, na ndivyo mtaa mzima unavyomjua.

Karatasi ile ilikuwa ya daktari wa magonjwa ya akili. Mambo yalianza kwa mjukuu. Binti yake anayeishi Dar alimpeleka mwanawe wa miaka mitano hospitali, akaambiwa mtoto ana usonji, yaani amezaliwa na ubongo unaopokea sauti, mwanga na maneno ya watu kwa namna tofauti na wengi. Daktari alipokuwa akiorodhesha dalili, dada yangu akamkatiza: "Lakini daktari, hayo yote hata baba anayo!" Mzee akaitwa. Akahojiwa siku mbili. Akiwa na umri wa miaka 63 akaandikiwa: usonji, wa aina iliyokuwa ikiitwa Asperger.

Msomaji, nikueleze kwanza maisha ya miaka hiyo 63.

Alizaliwa 1956, hapa hapa Mpanda. Mji wetu ni wa watu waliokuja. Madini ya risasi ndiyo yaliyoleta reli kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, na reli ikaleta watu: Wafipa, Waha, Wanyamwezi, Wasukuma, wakakaa na wenyeji Wakonongo na Wabende. Mgodi ulipokwisha reli ilibaki, na Baba Mkubwa akaipenda kuliko mtu yeyote. Akaajiriwa reli. Mpaka leo mtajie behewa, atakwambia lilipita Ugalla mwaka gani na lilibeba nini.

Vitabu vya Ulaya vinasema dalili moja kubwa ya watu hawa ni kutotazamana na wenzao machoni. Hiyo huku kwetu haikumponza hata kidogo. Mtoto asiyemkazia mkubwa macho husifiwa kwa adabu! Kilichomponza ni salamu. Wewe unajua salamu zetu zilivyo: hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, na shamba je? Yeye alikuwa anapita. Au ukimuuliza habari za nyumbani, anasimama kukueleza kwamba paa linavuja upande wa mashariki na mbuzi mmoja anakohoa. Wakamwita mwenye kiburi. Shuleni alichapwa. Bibi alimpeleka kwa mganga mara mbili. Ndoa yake ilidumu miaka saba, na mkewe alipoondoka alisema hakuwahi kupigwa wala kutukanwa, ila alichoka kuishi na mtu kama yuko peke yake ndani ya nyumba.

Na sisi watoto? Sisi tulikuwa tunamwigiza. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Naliandika hili kwa aibu.

Basi nikaanza kutafuta jibu la swali lake. Nilisoma kwenye simu, nilisoma Dar niliporudi chuoni, na kila nilipopata mwaka niliuweka kando ya umri wake, maana yeye bila mwaka hakuelewi.

Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto mjini Vienna, Austria. Mwaka 1944 alichapisha maelezo marefu ya wavulana wanne: wenye akili, wenye maneno ya kiutu uzima, wanaojua jambo moja kwa kina kirefu, lakini wasioweza kucheza na wenzao. Mwaka mmoja kabla, 1943, daktari mwingine aitwaye Leo Kanner alikuwa amechapisha Marekani habari za watoto 11 wa namna inayokaribiana. Na kabla yao wote, mwaka 1925, mama mmoja daktari mjini Moscow, Grunya Sukhareva, alikwisha kuwaeleza wavulana sita kama hao. Huyo wakubwa wa fani walimsahau kwa miaka mingi.

Maandiko ya Asperger yalikuwa ya Kijerumani, na nchi zinazosoma Kiingereza hazikuyajali. Ni mwaka 1981 ndipo Lorna Wing, daktari wa London ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji, alipoandika makala akaitumia jina la Asperger. Wagonjwa 34 aliowaeleza walikuwa wa miaka 5 hadi 35. Baba Mkubwa siku hiyo alikuwa na miaka 25, amesimama stesheni na bendera mkononi. Wamarekani waliliingiza jina hilo kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1994. Alikuwa na miaka 38, mke ameshaondoka. Mwaka 2013 wakaliondoa, wakasema yote ni usonji mmoja wenye sura nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo lilifuata njia hiyo katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022.

Umeona? Jina lilizaliwa, likakua, likazeeka, likazikwa, na yeye halijamfikia. Na hayuko peke yake. Duniani kote wapo watu waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 ambao walipokuwa watoto neno lenyewe halikuwapo midomoni mwa madaktari. Wengi wanalipata uzeeni, na mara nyingi kwa njia ileile ya Baba Mkubwa: mtoto anapimwa, babu anajitambua. Kwa upande wa Afrika, mtafiti Victor Lotter alizunguka nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, akachapisha matokeo yake mwaka 1978. Alikuwa anatafuta watoto. Wazee nani angewatafuta?

Sasa nilifika mahali pagumu. Mwaka 2018 mwanahistoria wa Austria, Herwig Czech, alichapisha alichokikuta kwenye majalada ya Vienna. Wakati wa utawala wa Hitler kulikuwa na kituo mjini humo kikiitwa Am Spiegelgrund. Humo, kati ya 1940 na 1945, walikufa watoto 789, wengi wakiwa wameuawa kwa sababu walionekana hawana faida kwa taifa. Asperger hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Lakini aliwapeleka watoto pale. Mmoja alikuwa msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Asperger alitia sahihi mwezi wa sita 1941, na mwezi wa tisa mtoto akawa amekufa.

Nilikaa na habari hiyo wiki tatu. Nitamwambiaje mzee aliyesubiri miaka 63 apate jina, kwamba jina lenyewe lina damu? Mama alinishauri ninyamaze. "Mwache apumzike na karatasi yake," alisema. Lakini nilikumbuka kwamba maisha yake yote watu walimficha mambo wakidhani hataelewa. Desemba nikamwambia yote, na miaka yake.

Alinyamaza kitambo. Kisha: "Hao 789, ni pamoja na huyo wa kike?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

Akaomba kalamu. Akaikunjua karatasi, akalikata neno Asperger kwa mstari mmoja ulionyooka, akaliacha neno usonji. "Hili linatosha," akasema. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Wengine wako wapi?"

Nikamsimulia habari za Marekani. Mwaka 1992 watu wazima wenye usonji, akina Jim Sinclair, Donna Williams na Kathy Lissner, walianzisha umoja wao wenyewe, usiosimamiwa na wazazi wala madaktari. Mwaka 1996 wakaanza kukutana kambini kila mwaka. Huko mtu aliweza kuvaa beji ya rangi: nyekundu maana yake usinisemeshe, njano maana yake anisemeshe anayenijua tu. Baba Mkubwa alicheka, na yeye hacheki ovyo. "Kama ishara za reli," alisema. Nikamsimulia pia habari za Donald Triplett, mtoto wa kwanza kabisa katika wale 11 wa Kanner. Alizeekea katika mji wake mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akicheza gofu na kunywa kahawa na rafiki zake, mpaka alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. (Sehemu hii ya kifo niliiongeza baadaye, alinikumbusha kuisahihisha.) Ni kweli familia yake ilikuwa na uwezo, maana benki ya mjini ilikuwa yao. Lakini mji nao ulikuwa umemzoea.

"Kumbe haihitaji kambi," alisema Baba Mkubwa.

Ni kweli. Nikaanza kumwangalia upya. Kila siku saa kumi jioni huenda kwenye kijiwe cha bao chini ya mwembe. Mimi nilidhani wazee wale wanamvumilia. Siku moja nikakaa kutwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64; kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi; hakuna kubahatisha. Hapo macho yote yako ubaoni, kwa hiyo hakuna wa kukutazama. Hakuna anayekuuliza habari za nyumbani katikati ya mchezo. Ukinyamaza saa nzima, unaambiwa unafikiri! Yupo pale fundi redio mmoja ambaye naye haongei ila mambo ya redio. Sikumpima, na wewe usimpime. Mimi si daktari. Ila wanakaa pamoja kila Jumamosi, bega kwa bega, na wote wawili huondoka wameridhika.

Yupo pia mzee mmoja wa Katumba. Alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, na hati yake ya uraia wa Tanzania alikabidhiwa wakati zilipotolewa, kuanzia 2014. Hesabu mwenyewe: miaka 42. Baba Mkubwa alipomwonyesha karatasi ya daktari, wengine kijiweni waliguna, eti uzeeni itamsaidia nini? Mzee yule akasema: "Mimi yangu nilipoipata sikuongezeka hata inchi moja. Lakini usiku huo nililala." Hakuna aliyeguna tena.

Daktari wa Dar naye alifanya jambo la maana. Kwa ridhaa ya wote wawili alimuunganisha Baba Mkubwa na mwalimu mstaafu aliyepimwa uzeeni kama yeye. Kila Jumapili saa moja jioni wanapigiana simu. Mwalimu anapenda sarafu za zamani. Huyu anapenda mabehewa. Dakika 15 anaongea mmoja, dakika 15 mwingine, kisha simu inakatwa bila kwaheri. Dada yangu aliposikia mara ya kwanza aliona ni ajabu. Baba Mkubwa akamjibu kwamba hiyo ndiyo simu pekee maishani mwake ambayo haikumchosha.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tunaisema sana methali hiyo, lakini mwenye zake zisizofanana na zetu tunamwita kichaa, au jeuri, au karogwa. Ninyi mnaoandika kama mimi, mnaotafuta visa mbali, waangalieni wazee wa mitaani kwenu wanaopita bila kusalimu. Msiwape majina, majina ni kazi ya madaktari, na tumeona hata ya madaktari yana makosa yake. Waulizeni tu wanachokipenda, kisha mtulie msikilize.

Nilipomsomea Baba Mkubwa makala haya alinisahihisha mara tatu, zote kwenye miaka. Aliporidhika alikunja karatasi zangu mara nne, akanirudishia, akainuka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.