Pia Inayoshika Usukani: Historia ya Ndege Ndogo za Watu Binafsi

Ninyi mlio katika vikundi vya kujifunza, sogeeni karibu na redio, na katibu wa kikundi awe na karatasi na kalamu, maana mwishoni nitatoa maswali ya kuzungumza.

Leo tutasoma juu ya ndege ndogo. Sina maana ya zile kubwa zinazochukua mamia ya abiria. Nina maana ya ndege yenye injini moja, ya watu wawili au wanne, ambayo mtu huinunua kwa fedha zake na kuirusha kwa mkono wake mwenyewe. Katika historia yake tutaangalia hasa jambo moja: jinsi ilivyopatikana mashine ya kumsaidia rubani kuongoza ndege, na kwa nini mashine hiyo haikumwondolea rubani wajibu wake.

Kwanza tuelewe shida iliyokuwapo. Mtu anayetembea barabarani hujua kwamba amesimama wima kwa sababu tatu. Macho yake yanaona ardhi. Miguu yake inaikanyaga. Na ndani ya sikio lake mna vijifereji vyenye majimaji, ambavyo humjulisha kichwa kinapogeuka. Lakini rubani akiingia katika wingu, macho hayaoni kitu, na miguu haikanyagi ardhi. Linabaki sikio, nalo hudanganya. Ndege ikiinama upande mmoja polepole na kuanza kuzunguka, baada ya muda yale majimaji hutulia, na sikio humwambia rubani kwamba anakwenda sawasawa. Naye huamini. Pua ya ndege inashuka, mwendo unazidi. Akivuta usukani ili apande, mzunguko unazidi kubana, na ndege huendelea kushuka kwa kasi.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka wa 1954, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani wanafunzi 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutazama vyombo tu. Waliwazuia wasione nje, mwalimu akiwa kando kwa usalama. Wote 20 walishindwa kuiongoza ndege. Kwa wastani kila mmoja alidumu sekunde 178, yaani hakutimiza hata dakika tatu. Ni muda usiotosha kuchemsha maji ya chai.

Sasa tuangalie dawa ya shida hiyo. Kila mmoja wetu ameiona pia ya watoto. Ikiwa imelala, haina nguvu yoyote. Ikizungushwa kwa kasi husimama wima, na ukiisukuma hukataa kuanguka. Chombo kilichojengwa juu ya kanuni hiyo huitwa jairoskopu: ni gurudumu zito linalozunguka kwa kasi ndani ya fremu. Hata chombo kilicholibeba kikiinama, gurudumu hushikilia mwelekeo wake. Mmarekani mmoja, Elmer Sperry, alitumia kanuni hiyo kutengeneza dira ya meli, nayo ilijaribiwa katika meli ya kivita mwaka wa 1911. Mwanawe, Lawrence, aliipeleka pia hiyo angani.

Tarehe 18 Juni, 1914, katika mashindano ya usalama wa ndege huko Bezons, karibu na Paris, Lawrence Sperry alirusha ndege yake juu ya mto Seine. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alipofika mbele ya waamuzi alisimama na kuinua mikono yake yote miwili juu, na fundi wake, Emil Cachin, akatoka na kutembea juu ya bawa. Kwa kawaida uzito wa mtu juu ya bawa moja ungeiinamisha ndege. Lakini jairoskopu zilihisi ule mwinamo mara moja, zikaviamuru vibao vya mabawa viurekebishe, na ndege ikaendelea kwenda sawa. Lawrence alipewa zawadi ya faranga 50,000. Ndivyo ilivyoanza otopailoti, yaani chombo kinachoshika usukani badala ya rubani.

Lakini sikilizeni mwisho wa kijana huyo. Tarehe 13 Desemba, 1923, alipaa kutoka Uingereza peke yake katika ndege yake ndogo, akiuvuka mlango wa bahari unaoitenga nchi hiyo na Ufaransa. Ndege ilianguka baharini. Mwili wake ulipatikana mwezi wa Januari, 1924. Aliyewapa marubani mkono usiochoka alifariki kabla hajatimiza miaka 31.

Kazi yake haikufa. Mwaka wa 1933, Mmarekani Wiley Post, mtu mwenye jicho moja, aliizunguka dunia peke yake katika ndege ya injini moja iliyoitwa Winnie Mae. Miaka miwili kabla ya hapo alikwisha kuizunguka akiwa na mwenziwe, Harold Gatty, aliyekuwa akimwonyesha njia. Walitumia siku 8, saa 15 na dakika 51. Safari hii ya pili hakuwa na Gatty, bali alikuwa na otopailoti. Alitumia siku 7, saa 18 na dakika 49. Je, mashine ilimfanya alale raha? Hata kidogo. Njiani iliharibika, ikambidi atue ili itengenezwe. Tena husimuliwa kwamba alijifunga spana kidoleni kwa kamba, ili usingizi ukimchukua, spana ianguke na kumzindua. Aliitumia mashine, lakini hakuikabidhi roho yake.

Zamani hizo chombo hicho kilikuwa kizito na cha ghali, na wenye ndege ndogo wengi walirushia mikono yao tu. Mfano mzuri tunao hapa Afrika ya Mashariki. Beryl Markham, Mwingereza aliyekulia Njoro, Kenya, alifundishwa urubani huko na Tom Campbell Black, akafanya kazi ya kuwatafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji. Mwaka wa 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza katika ndege yake mwenyewe. Tarehe 4 Septemba, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, katika ndege ya kuazima, bila redio, akielekea Marekani juu ya bahari ya Atlantiki. Baada ya zaidi ya saa 21 mafuta yalikoma kufika kwenye injini kwa ajili ya barafu, akatua katika matope ya kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama topeni, yeye akatoka hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege ndogo zilienea. Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1956, imetengenezwa zaidi ya 40,000, na hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Otopailoti nayo ikawa nyepesi. Mwaka wa 1965 kampuni ya Mooney ilianza kuweka katika ndege zake chombo cha kusawazisha mabawa ambacho kilifanya kazi wakati wote. Rubani alikizuia kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani.

Je, ajali za mawinguni na gizani zilikwisha? Tarehe 16 Julai, 1999, John F. Kennedy mdogo, mtoto wa yule Rais wa Marekani, alirusha ndege yake aina ya Piper usiku juu ya bahari, angani mkiwa na utusitusi. Alikuwa hajamaliza mafunzo ya kuruka kwa vyombo. Ndege ilizunguka ikashuka baharini, akafa pamoja na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi wa serikali hawakuona hitilafu ya mashine. Walisema kwamba rubani alipotewa na mwelekeo. Na ndani ya ndege ile otopailoti ilikuwamo.

Mwaka wa 2020 ilifikiwa hatua nyingine. Ndege ndogo ya Piper M600 iliruhusiwa kutumia chombo cha Garmin ambacho, rubani akizimia, abiria hubonyeza kitufe kimoja tu. Chombo huchagua kiwanja, hutoa habari kwa redio, huitua ndege na kuzima injini. Kusema kweli, hilo ni jambo la kushukuru.

Basi tunajifunza nini? Wahenga walisema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tangu siku ile ya mwaka wa 1914, ndani ya ndege ndogo mna manahodha wawili, mtu na mashine. Hatari haimo katika mashine peke yake wala katika mtu peke yake, bali katika dakika ile ambayo haijulikani ni nani ameshika usukani. Pia haichoki wala sikio halimdanganyi, lakini haijui kwamba hali ya hewa mbele ni mbaya na kwamba safari ingefaa kuahirishwa mpaka asubuhi. Hilo hulijua rubani, tena kabla hajapaa.

Haya, katibu aandike maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini rubani aliye ndani ya wingu asitegemee sikio lake?
2. Linganisheni safari mbili za Wiley Post. Otopailoti ilimsaidia nini, na haikumsaidia nini?
3. Tajeni mashine moja mnayoitumia katika kazi zenu. Ikisimama ghafula leo, ni nani kati yenu anayejua kufanya kazi hiyo kwa mkono?

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.