Kumhurumia Msaliti: Mapokeo Tofauti ya Filamu ya Lust, Caution, 2007–2008

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2007, filamu ya Lust, Caution iliyoongozwa na Ang Lee ilitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Ni filamu ya kijasusi yenye maonyesho ya wazi ya ngono, na matukio yake yamewekwa Hong Kong na Shanghai kati ya mwaka 1938 na 1942, wakati wa vita vya Japani dhidi ya China. Mwanafunzi aitwaye Wong Chia Chi anajifanya mke wa mfanyabiashara ili amnase Bwana Yi, mkuu wa usalama katika serikali ya vibaraka wa Wajapani, apate kuuawa. Mtego unapokaribia kufyatuka, ndani ya duka la sonara, Wong anamwonya. Yi anaokoka, Wong na wenzake wanatekelezewa hukumu ya kifo kwa idhini ya Yi mwenyewe.

Katika miezi iliyofuata, filamu hiyo ilituzwa Taiwan, ilikatwa China Bara na haikuvuta watazamaji wengi Marekani. Ni rahisi kuieleza tofauti hiyo kwa kigezo cha haya, yaani kwamba jamii moja huvumilia utupu na nyingine haivumilii. Makala hii inadai kuwa kigezo hicho hakitoshi. Miongoni mwa hadhira za Kichina, swali zito zaidi lilikuwa ni nani mwenye haki ya kumhurumia msaliti, na jibu lake lilifuata historia ya kila mahali. Hoja hii inakubaliana na wazo la Hans Robert Jauss kwamba kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio unaobadilika kadiri ya wakati.

2. Tofauti ya nakala

Kabla ya kulinganisha mapokeo, ni lazima kubainisha kilichotazamwa. China Bara haikuwa na mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Filamu iliyoruhusiwa ilipaswa kuwafaa watu wote. Kwa sababu hiyo, Ang Lee mwenyewe aliondoa takribani dakika 7. Makato hayakugusa ngono peke yake. Tukio la mauaji ya kisu lilipunguzwa, na onyo la Wong katika duka la sonara, ambalo katika nakala kamili linamhimiza Yi akimbie upesi, lililegezwa likawa mwaliko wa kuondoka tu. Badiliko hilo dogo lina uzito mkubwa, kwa kuwa usaliti wote wa mhusika mkuu umo katika onyo hilo.

Watazamaji wa China Bara walilitambua pengo hilo. Baadhi yao walisafiri hadi Hong Kong kutazama nakala kamili. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu katika sheria alijaribu kufungua kesi, akidai kuwa makato yalivuruga muundo wa hadithi na kukiuka haki zake za mlaji. Mahakama haikulipokea shauri lake. Malalamiko ya namna hii yanadhoofisha dhana kwamba hadhira ya China Bara ilikuwa na haya kwa ujumla wake.

Nchini Marekani filamu ilipewa daraja la NC-17, linalozuia watoto wasiingie hata wakiwa na wazazi, na wasambazaji walilikubali bila kukata chochote. Mapato yake huko hayakufikia dola milioni 5, ilhali mapato ya dunia nzima yalikuwa takribani dola milioni 67. Wahakiki wengi wa huko walijadili urefu na mwendo wa polepole wa filamu; suala la usaliti halikuwagusa kama lilivyowagusa Wachina.

3. Tofauti ya kumbukumbu

Hadithi fupi ya Eileen Chang iliyozaa filamu hii huhusishwa na kisa cha kweli. Mwaka 1939 Zheng Pingru alishiriki njama ya kumuua Ding Mocun, kiongozi wa idara ya ujasusi ya vibaraka mjini Shanghai. Njama ilishindwa na Zheng aliuawa mwaka 1940. Kwa wanaomkumbuka kama shahidi wa taifa, simulizi ya mwanamke anayemwokoa adui kwa sababu ya mapenzi ilikuwa tusi. Ndugu yake wa kike aliyeishi Marekani alijitokeza hadharani kupinga taswira hiyo. Wahakiki wazalendo wa China Bara walitoa lawama kama hiyo: kwamba filamu iliutukuza usaliti kwa kuupa sura ya binadamu.

Machi 2008, vyombo vya habari vya China Bara viliagizwa kusitisha matangazo ya mwigizaji Tang Wei. Tony Leung, aliyeigiza msaliti mwenyewe, hakuguswa. Huenda ukaazi wake wa Hong Kong ulichangia. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mzigo wa filamu nzima uliangukia mwili wa mwanamke.

Taiwan ndiyo inayotoa ushahidi wenye nguvu zaidi. Hadithi ya Chang ilipochapishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1970, mhakiki mmoja alimshutumu kwa kuwasifu wasaliti, na Chang akalazimika kujibu. Wakati huo Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi na chama cha Kuomintang, ambacho serikali yake ndiyo iliyomuua Ding mwaka 1947. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1987. Mwaka 2007 nakala kamili ilionyeshwa Taiwan na kutwaa tuzo ya filamu bora ya Farasi wa Dhahabu. Lawama iliyosikika Taipei miaka ya 1970 sasa ilisikika Beijing. Kama tofauti ya mapokeo ingetokana na maadili ya Kichina yasiyobadilika, mgeuko huu usingeelezeka.

4. Hitimisho

Mapokeo ya Lust, Caution yanaonyesha kuwa kauli kama “Wachina waliikataa” au “Wachina waliipenda” haina thamani ya kihistoria mpaka ifahamike ni nakala ipi iliyotazamwa, mwaka gani, na chini ya serikali iliyojijengea uhalali wake juu ya kumbukumbu ipi ya vita. Ngono ndiyo iliyowapa wadhibiti sababu ya kukata. Kilichowagawa watazamaji ni huruma kwa mtu ambaye taifa lilikwisha kumhukumu.