Sanaa ya Kutunza: Mierle Laderman Ukeles na Wazoataka wa New York

Tangu mwaka 1977 Idara ya Usafi ya Jiji la New York imekuwa na msanii wake, Mierle Laderman Ukeles. Cheo chake cha msanii mkazi hakikuwa na mshahara. Alichopewa ni ofisi, pamoja na ruhusa ya kuingia mahali ambapo raia wa kawaida hawafiki: karakana za magari ya taka, vyumba vya kupumzikia wazoataka, magati ya kupakilia taka kwenye matishari, na dampo kubwa la Fresh Kills. Humo alibuni maonesho yaliyowashirikisha maelfu ya wafanyakazi, na kazi za sanaa zilizowekwa barabarani, mtoni na juu ya vilima vya taka. Msingi wa kazi zote hizo ulikuwa mmoja: kazi ya kufagia, kuosha na kuzoa, ambayo haina mwisho na ambayo wengi huiona pale tu isipofanyika, inastahili kutazamwa kwa umakini uleule wanaopewa wachoraji na wachongaji.

Ukeles alizaliwa mwaka 1939 mjini Denver, katika jimbo la Colorado, akiwa binti wa rabi wa Kiyahudi. Alisoma historia katika Chuo cha Barnard, New York, akahitimu mwaka 1961, kisha akajifunza sanaa katika Taasisi ya Pratt. Wasanii aliowaenzi wakati huo, miongoni mwao Jackson Pollock, Marcel Duchamp na Mark Rothko, walisifiwa kwa kuvunja kanuni na kuanza upya kila mara. Mwaka 1968 alijifungua mtoto wake wa kwanza, na siku zake zikajaa nepi, vyombo na nguo za kufua. Katika maisha ya wasanii wale hakuona mfano wowote wa kumsaidia mtu anayepaswa kurudia leo kazi aliyoimaliza jana. Alijikuta amegawanyika sehemu mbili: nusu ya wiki mama, nusu ya wiki msanii.

Oktoba 1969 aliandika ilani aliyoiita Manifesto for Maintenance Art 1969!, akitangaza sanaa ya utunzaji. Ilani hiyo inazitenga kazi za binadamu katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni maendeleo, yaani kuunda kitu kipya, kusonga mbele na kujitofautisha na wengine. La pili ni utunzaji: kukifuta vumbi kile kilichokwisha kuundwa, kukilinda na kukirekebisha kisiharibike. Jamii hulipa na kusifu kundi la kwanza. La pili huachiwa wanawake majumbani na vibarua wa ujira mdogo. Ukeles aliamua kwamba, kwa kuwa msanii ndiye mwenye kusema kipi ni sanaa, basi kazi zake za nyumbani angezitangaza kuwa sanaa na kuzifanya hadharani.

Ilani iliambatana na pendekezo la maonesho yenye sehemu tatu. Katika ya kwanza msanii angehamia ndani ya jumba la makumbusho pamoja na familia yake, afagie, apike na adeki mbele ya watazamaji. Katika ya pili watu wa kazi mbalimbali wangehojiwa kuhusu utunzaji katika maisha yao. Katika ya tatu taka za gari zima, maji machafu, hewa chafu na udongo ulioharibiwa vingeletwa makumbusho kila siku na kusafishwa. Maonesho hayo hayakufanyika kama yalivyopendekezwa, ila sehemu za ilani zilichapishwa katika jarida la Artforum mwaka 1971, na mengi ya aliyoyafanya baadaye yanaonekana tayari katika kurasa hizo chache.

Nafasi ya kuyatenda aliyoyaandika ilipatikana kupitia mhakiki Lucy Lippard, aliyeandaa maonesho ya wanawake wasanii yaliyozunguka miji kadhaa katika miaka ya 1973 na 1974. Yalipofika Hartford, Connecticut, Ukeles alitenda maonesho kadhaa katika jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum. Katika moja alipiga deki ngazi za nje na uwanja wa mbele kwa saa nyingi, akipiga magoti na kufuta kwa nepi za kitambaa, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye sakafu ya ndani. Kila mgeni aliyepita aliacha nyayo, na msanii akazifuta upya. Katika jingine alichukua funguo za walinzi, akawa anafunga na kufungua vyumba na ofisi, hadi baadhi ya wafanyakazi wakatoka mbio wasije wakafungiwa ndani. Wenye madaraka walionja kwa mara ya kwanza nguvu iliyomo mikononi mwa mlinzi.

Onesho la tatu lilihusu sanduku la kioo lililohifadhi mumia ya Kimisri. Kwa kawaida kioo hicho kilifutwa na mfanyakazi wa usafi. Siku hiyo alikifuta kama kawaida, kisha Ukeles akakifuta tena na kukigonga muhuri wa sanaa ya utunzaji. Kuanzia hapo kioo kikawa kazi ya sanaa, na kwa taratibu za makumbusho kazi ya sanaa haiguswi na mfanyakazi wa usafi. Mtaalamu wa hifadhi ndiye aliyelazimika kukifuta. Tambara halikubadilika, wala vumbi halikubadilika. Kilichobadilika ni cheo cha mshika tambara.

Mwaka 1976 Ukeles alitoka kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe akaingia kwenye kazi ya wengine. Tawi la Jumba la Makumbusho la Whitney lilikuwa ndani ya jengo la ofisi kwenye namba 55 ya mtaa wa Water, kusini mwa Manhattan. Jengo hilo lilihudumiwa na wafanyakazi wapatao 300: wadeki, walinzi, mafundi wa lifti na wengineo, wengi wao wa zamu za usiku. Ukeles aliwaomba kila mmoja achague saa moja katika zamu yake na kuihesabu kuwa sanaa, bila kubadilisha chochote katika anachofanya. Kisha aliwazungukia, akawapiga picha za papo kwa papo na kumuuliza kila mmoja kama alichokuwa akikifanya dakika hiyo kilikuwa kazi au sanaa. Jibu lililotolewa na mfanyakazi ndilo lililoandikwa. Picha 720 zilipangwa ukutani, na wafanyakazi wakaja kujitafuta ndani ya ukumbi ambao hadi wakati huo waliuingia na mafagio tu.

Hatua iliyofuata ilizaliwa na mzaha. Jiji la New York lilikuwa limenusurika kufilisika mwaka 1975, na maelfu ya watumishi wake walikuwa wamepunguzwa kazini, wakiwemo wazoataka. Mhakiki David Bourdon, akiandika katika gazeti la Village Voice, alitania kwamba Idara ya Usafi nayo ingeweza kuziita shughuli zake sanaa ya utendaji ili iombe ruzuku za sanaa za serikali. Ukeles aliituma makala hiyo kwa kamishna wa idara, Anthony Vaccarello. Idara ilimkaribisha, na mwaka 1977 akawa msanii wake mkazi.

Alikuta kazi yenye historia ya machungu. Februari 1968 wazoataka wa New York waligoma kwa siku tisa, na takriban tani 100,000 za taka zikarundikana mitaani. Mwezi huohuo wenzao wapatao 1,300 wa Memphis, Tennessee, nao waligoma, na ni katika kuwaunga mkono ndipo Martin Luther King aliuawa mjini humo tarehe 4 Aprili. Hata baada ya mishahara na masharti ya kazi kujadiliwa, dharau ya kila siku ilibaki. Ukeles alitumia zaidi ya mwaka kusoma ramani, kuhudhuria karakana na kusikiliza. Wazoataka walimwambia kuwa watu huwaona kana kwamba wao wenyewe ni sehemu ya taka wanazobeba. Walimsimulia matusi waliyotupiwa na wenye nyumba walipoketi kidogo kwenye vizingiti kupumzika.

Jibu lake lilikuwa Touch Sanitation, onesho lililoanza Julai 1979 na kumalizika Juni 1980. Kwa muda wa miezi kumi na moja alizunguka wilaya zote 59 za usafi za jiji, akagawa safari yake katika mizunguko kumi, na kukutana na wazoataka wote wapatao 8,500. Alimtazama kila mmoja usoni, akampa mkono na kumshukuru kwa kuliweka jiji hai. Wote walikuwa wanaume. Wanawake wa kwanza waliajiriwa katika kazi hiyo ya kuzoa taka mwaka 1986. Msanii alifika kwenye makusanyiko ya alfajiri na zamu za usiku, akatembea nyuma ya magari, na mara nyingine akaiga miondoko yao ya kuinama, kuinua, kugeuka na kurusha, ili mwili wake ujue kile ambacho macho yalikuwa yameona. Kila aliyepewa mkono alikuwa mshiriki kamili, kwa sababu bila mkono wake onesho lisingekuwepo. Kile kinachoitwa hadhira hakikuwepo kwa maana ya kawaida. Watendaji na watazamaji walikuwa watu walewale.

Matusi aliyosimuliwa hayakusahaulika. Mwaka 1984, katika jumba la sanaa la Ronald Feldman huko Manhattan, majina mabaya waliyowahi kuitwa wazoataka yaliandikwa kwenye vioo vya mbele ya jengo. Watu wa kada mbalimbali walialikwa kushika vitambaa na kuyafuta. Kwa namna hiyo usafi, ambao ulikuwa sababu ya kudharauliwa, ulitumika kuiondoa dharau yenyewe.

Sambamba na watu, Ukeles alianza kutumia mitambo. Mwaka 1983 gari la kukusanya taka lilifunikwa ubavuni kwa vioo na kuitwa The Social Mirror, kisha likaingizwa katika gwaride la sanaa mjini New York. Watu waliopanga mstari kandokando ya barabara walijiona wenyewe kwenye ubavu wa gari, na pasipo maelezo yoyote wakajua taka zile ni za nani. Katika gwaride hilo pia madereva wa magari sita ya kufagia barabara walicheza ngoma ya mitambo kwenye mtaa wa Madison, wakizungusha magari kwa mpangilio walioubuni pamoja na msanii. Mwaka uliofuata matishari ya taka na boti za kuyavuta yalicheza juu ya mto Hudson. Mtindo huo ulivuka bahari: Rotterdam nchini Uholanzi mwaka 1985, Givors nchini Ufaransa mwaka 1993, na mkoa wa Niigata nchini Japani mwaka 2003, ambako madereva wa magari ya kusukuma theluji walionesha ustadi wao wakati wa kiangazi, theluji ikiwa haipo. Katika maonesho hayo yote mwenye ujuzi alikuwa dereva. Ukeles alileta wazo na mpangilio, lakini kugeuza gari zito katika nafasi finyu bila kugusana na jingine kulibaki utaalamu wa mwenye usukani.

Mradi wa Flow City, aliouanza mwaka 1983, ulikusudiwa kudumu. Kwenye gati la taka la mtaa wa 59, magari yalimwaga mizigo ndani ya matishari yaliyoelekea Fresh Kills. Ukeles alipendekeza njia ya wageni iliyojengwa kwa vitu vilivyorejelezwa, daraja la kioo la kutazama umwagaji huo, na ukuta wa picha za video kuhusu mto na dampo. Mradi ulikwama kwa miaka mingi, na dampo lilipofungwa safari za matishari kutoka hapo zilisimama. Flow City haikukamilika.

Fresh Kills lilifunguliwa mwaka 1948 kwenye vinamasi vya kisiwa cha Staten kama mpango wa muda. Likadumu zaidi ya nusu karne, likaenea takriban hekta 890, na katika miaka ya 1980 lilipokea hadi tani 29,000 za taka kwa siku. Lilifungwa Machi 2001, likafunguliwa tena baada ya tarehe 11 Septemba kupokea vifusi vya majengo pacha yaliyoangushwa, ambamo mabaki ya binadamu yalichambuliwa. Ukeles alikuwa ameteuliwa msanii wa eneo hilo mwaka 1989. Kazi yake inayoitwa Landing inahusu jukwaa la kutazamia mandhari pamoja na miinuko ya udongo, sehemu ya mpango mpana wa kuligeuza dampo kuwa bustani ya umma. Eneo la kwanza la sehemu ya kaskazini ya bustani hiyo lilifunguliwa kwa umma mwaka 2023.

Kazi hizi zimezua maswali ya haki. Mkono wa msanii hauongezi mshahara wa mzoataka, na jambo hilo huamuliwa katika majadiliano ya chama cha wafanyakazi na jiji. Pia jina linalobaki katika vitabu vya sanaa ni la msanii, wakati maelfu walioshiriki huonekana pichani bila kutajwa. Kwa upande mwingine, Ukeles hakuja na kamera kwa wiki moja na kuondoka. Alikaa katika idara moja kwa zaidi ya miaka arobaini, chini ya makamishna wengi, na washiriki wake walijua alipo. Muda huo mrefu wenyewe ni aina ya utunzaji.

Maonesho ya jumla ya kazi zake yalifanyika katika Jumba la Makumbusho la Queens kuanzia Septemba 2016 hadi Februari 2017. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, ujumbe wake wa shukrani kwa wafanyakazi wa huduma ulirushwa kwenye skrini za treni za chini ya ardhi na za Times Square, na kwenye ukuta wa mbele wa jumba hilo la Queens. Wakati huohuo mfano wa kukaa ndani ya ofisi ya umma ulikuwa umekwisha kupata taratibu rasmi. Mwaka 2015 idara ya utamaduni ya jiji la New York, ikifuata nyayo za Ukeles, ilianzisha mpango wa kuweka wasanii katika idara za serikali ya jiji. Wa kwanza alikuwa Tania Bruguera wa Cuba, aliyefanya kazi na ofisi ya masuala ya wahamiaji. Tofauti na Ukeles mwaka 1977, wasanii wa mpango huu hulipwa.