Akinwunmi Ambode: Mhasibu aliyekuwa Gavana wa Lagos

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Akinwunmi Ambode wa Nigeria alilishika daftari la umma kwa zaidi ya miongo miwili kabla ya kuwa Gavana wa Jimbo la Lagos, wadhifa alioushikilia kuanzia Mei 29, 2015 hadi Mei 29, 2019. Safari yake ya kikazi humsaidia msomaji kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kuzitunza fedha za umma, na kuamua zitumiwe vipi.

Nigeria ni shirikisho la majimbo 36 pamoja na eneo la mji mkuu, Abuja. Kila jimbo lina gavana, bunge na hazina yake, kama zilivyo kaunti zetu, ingawa mamlaka ya majimbo hayo ni mapana zaidi na yana hata mahakama kuu zake. Chini ya majimbo kuna serikali za mitaa. Lagos ndilo jimbo dogo kuliko yote kwa ukubwa wa ardhi, lakini ndilo kitovu cha biashara cha taifa hilo.

Ambode alizaliwa Juni 14, 1963 huko Epe, mji wa wavuvi ulioko mashariki mwa jimbo hilo. Baada ya masomo ya sekondari mjini Warri, alisomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Lagos na kuhitimu akiwa na umri wa miaka 21. Chuoni humo humo alipata shahada ya uzamili, kisha akaidhinishwa kuwa mhasibu wa kitaaluma.

Mnamo 1988 alikuwa naibu mhazini wa serikali ya mtaa ya Badagry, mji wa kale ulio karibu na mpaka wa Benin. Mwaka 1991 alihamishiwa Shomolu akiwa mkaguzi wa hesabu. Alizunguka katika mabaraza kadhaa, akijifunza jinsi shilingi ya mlipa kodi, au tuseme naira, inavyosafiri kutoka sokoni hadi kwenye hundi ya mwanakandarasi. Mnamo 1998 alikwenda Marekani kuendeleza masomo mjini Boston kwa ufadhili wa Hubert Humphrey.

Mwaka 2001 aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali za Mitaa katika jimbo hilo. Huo haukuwa wakati wa amani. Gavana Bola Tinubu alikuwa ameunda mabaraza mapya 37, na mnamo 2004 serikali ya shirikisho chini ya Rais Olusegun Obasanjo ikazuia mgao wa fedha za serikali za mitaa za Lagos. Mgogoro huo ulimalizika tu baada ya Rais Umaru Yar'Adua kuingia madarakani mwaka 2007. Katika kipindi hicho chote Lagos ililazimika kutegemea zaidi kodi zake yenyewe.

Mnamo 2006, mgogoro huo ukiwa bado haujatatuliwa, Ambode alifanywa Mhasibu Mkuu wa Jimbo. Nyadhifa hizi mbili hazifanani. Mkaguzi huja nyuma ya fedha, akiuliza zilikwenda wapi. Mhasibu mkuu husimama mlangoni, akihakikisha kwamba hazitoki bila idhini. Ni maafisa wachache waliowahi kuzifanya kazi zote mbili.

Katika miaka hiyo mapato ya ndani ya Lagos yaliongezeka mno: kutoka takriban naira milioni 600 kwa mwezi mwaka 1999 hadi zaidi ya bilioni 15 kwa mwezi ilipofika 2012. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, wala kupanda kwa bei hakuwezi kupuuzwa, lakini sifa ya utawala wa Lagos ilijengwa juu ya msingi huo. Ambode alistaafu kwa hiari mwaka huo wa 2012 na kuanzisha kampuni ya ushauri.

Alirejea akiwa mwanasiasa. Katika uchaguzi wa Aprili 2015, akiungwa mkono na Tinubu, ambaye pia ni mhasibu kwa mafunzo, alimshinda Jimi Agbaje kwa kura 811,994 dhidi ya 659,788.

Sasa aliyekuwa mlinzi wa hazina akawa mtumiaji wake. Serikali yake ilijenga madaraja ya juu ya Ajah na Abule Egba, ikaweka taa barabarani, na kushirikiana na Jimbo la Kebbi katika kilimo cha mpunga. Bajeti ya 2018 ilivuka naira trilioni moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Lagos.

Hata hivyo, hesabu safi vitabuni si lazima iwe nyepesi kwa mwananchi. Mpango mpya wa kuzoa taka uliwaweka kando wazoaji wa zamani, na mirundo ya uchafu ikajaa mitaani. Mapema 2018 ada ya matumizi ya ardhi ilipandishwa. Wenye nyumba na mawakili waliteta, na serikali ikalazimika kuipunguza kwa nusu kwa majengo ya biashara. Nia ya kuziondoa danfo, matatu za manjano za Lagos, nayo iliwatia hofu waliotegemea magari hayo kwa riziki.

Mnamo Oktoba 2018 Ambode alibwagwa katika mchujo wa chama chake cha APC na Babajide Sanwo-Olu, aliyeungwa mkono na vigogo wa chama. Ambode alitangaziwa kura 72,901, mshindi 970,851. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2019, ambao hushirikisha wapigakura wote, Sanwo-Olu alichaguliwa kwa kura 739,445, pungufu ya zile za mchujo. Mhasibu yeyote angeyaangalia mafungu hayo mara mbili.

Ambode alikubali matokeo na kukabidhi madaraka kwa amani. Alikuwa amelijua daftari la hazina ukurasa kwa ukurasa, lakini la chama lilikuwa mikononi mwa wengine.