Majina Mengi ya James Harris, "Jitu la Uganda"



Katika miaka ya 1980, kabla wengi wetu hatujatia mguu Texas, jina la Uganda lilikwisha kuvuma katika kumbi za mieleka za Dallas na Houston. Lilibebwa na mtu mmoja mwenye kimo na uzito wa ajabu, aliyeitwa Kamala, "Jitu la Uganda". Aliingia ulingoni miguu mitupu, kiunoni kitambaa chenye madoadoa ya chui, usoni kinyago, mkuki mkononi. Watazamaji walielezwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Yafaa vijana wetu wamjue alikuwa nani hasa.

Kwa hakika hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi tarehe 28 Mei 1950, katika jamaa ya wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Baba yake aliuawa yeye akiwa mtoto mdogo. Alichuma matunda, akaendesha malori, na mwaka 1978 akaingia katika mieleka ya kulipwa. Siku zile kila eneo lilikuwa na mwandalizi wake, na mwanamieleka wa kawaida alihama huku na huko akipewa jina jipya kila afikapo. Harris aliitwa Sugar Bear, akaitwa Bad News, akaitwa Big Jim. Huko Uingereza akawa Mississippi Mauler. Hakuna hata moja lililomtajirisha.

Mwaka 1982, mjini Memphis, Jerry Jarrett na Jerry Lawler wakambunia sura ya Kamala. Amin alikuwa amepinduliwa tangu Aprili 1979, lakini jina lake lilikuwa bado likiwatisha Wamarekani, na hofu ni bidhaa iuzikayo.

Biashara hiyo ikafika kwetu Texas. Dallas alipigana katika ukumbi wa Sportatorium, chini ya Fritz Von Erich, ambaye wanawe ndio waliokuwa vipenzi vya mji. Tarehe 6 Mei 1984, katika uwanja wa Texas Stadium mjini Irving, mbele ya watu zaidi ya 30,000, alipambanishwa na Great Kabuki, Mjapani ambaye naye alipakwa rangi usoni ili atishe. Houston alionekana katika Sam Houston Coliseum, kwa mwandalizi Paul Boesch. Majengo hayo yote yamekwisha kubomolewa: la Houston mwaka 1998, Sportatorium mwaka 2003, na Texas Stadium mwaka 2010.

Sharti kuu la Kamala lilikuwa kunyamaza. Harris, ambaye Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, alitakiwa aungurume tu na kujipiga tumbo, huku mtu mwingine aliyefunikwa uso akimwongoza kama mnyama. Jina hilo lilimpa umaarufu hata akapambana na Hulk Hogan, na mwaka 1992 akapigana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London. Hata hivyo yeye mwenyewe alilalamika kwamba malipo yake yalikuwa madogo mno kuliko ya wenzake. Kisukari kilimnyima mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Akawa anaunda viti vya mbao na kuviuza. Baadaye alitoa kitabu cha maisha yake, *Kamala Speaks*, yaani Kamala Anena. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, baada ya kuambukizwa korona.

Ndugu zangu, tusimlaumu Harris kwa kutafuta riziki. Waliodhulumiwa walikuwa wawili: nchi iliyotangazwa kuwa makao ya washenzi bila kuulizwa, na mtu aliyefungwa kinywa ili atangaze uongo huo. Wahenga walinena: Jina jema hung'ara gizani. Basi katika mkutano wetu huu, wazee wawatajie watoto majina ya mababu na maana zake, na watoto wayatamke wenyewe, kwa sauti. Asiyejitaja jina lake, wengine watamtungia.